Daktari Kifudifudi na Kitanda Chenye Tundu

Ndugu, jamaa na marafiki, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Daktari Kifudifudi, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, binti wa pili wa fundi cherehani, akajua kutunga uzi kwenye sindano kabla ya kujua kusoma.

Alianza shule mwaka 1958, akahitimu udaktari mwaka 1977, akapangiwa wadi ya macho, na kuanzia 1984 akabobea katika upasuaji wa retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ambao ukibanduka mtu huona kama pazia linamshukia. Alipenda kesi ngumu, retina iliyojikunja kwa makovu, akitoa ute wa ndani ya jicho, akiyamenya makovu taratibu, akiilaza retina mahali pake na kuichomelea kwa leza, kisha akijaza gesi ya kuishikilia, na kwa kuwa gesi hupanda juu, kila mgonjwa alilala kifudifudi, hakuna kujitetea, mpaka siku aliyomwambia, "Umefuzu, geuka ulale chali." Mkono aliuzoeza nyumbani, akibandua kwa kibano utando wa yai la kuchemsha bila kuuchana, nasi watoto tukila mayai yaliyopoa.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na seremala aliyekuja kutengeneza mlango wa wadi, mlango mmoja, wiki tatu, wakajaliwa watoto wawili.

Tarehe 9 Februari 2006 pazia lilimshukia yeye mwenyewe, jicho la kulia, na kwa kuwa kazi ile inataka macho mawili, kulipoteza kulikuwa kuipoteza kazi. Alipasuliwa na mwanafunzi wake wa zamani, na kesho yake Baba akamkuta amekaa wima, anawafundisha wauguzi kutandika, akamwambia, "Lala, mama watoto, au nikuitie daktari?" Alicheka, akalala. Baba akamchongea kitanda chenye tundu la uso, Mama akakilalia siku kumi na nne, na gesi ilipokwisha jichoni, mwezi Aprili, Baba akampa yai na kibano, naye akabandua utando mzima mzima, wadi ikalipuka kwa vigelegele. Alifanya kazi miaka kumi zaidi, na kitanda kile kipo wadini hadi leo, kina mtu.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2024, akafariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Tunawashukuru madaktari wa moyo, majirani waliotupikia, na wenzake wa wadi ya macho. Baba ameomba tumalizie kwa maneno yake Mama mwenyewe: umefuzu, geuka ulale chali, pumzika kwa amani.