Imehamia, Si Imehama: Maisha ya Mama Vifungo

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mdogo wake wa mwisho, anayesoma karatasi hii, bado amemkasirikia, na wafiwa wamvumilie.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akajifunza ushonaji, akashona sare za shule kwa zaidi ya miaka arobaini. Mshono ukipinda kidogo aliufumua wote, mteja kasimama mlangoni kanuna. Mwaka 1984 aliolewa na fundi redio, mtu mpole, wakajaliwa watoto watatu.

Novemba 2016 alikatwa titi la kushoto kwa saratani, akapona, au ndivyo ilivyodhaniwa. Mwaka 2022 mgongo ukaanza kumuuma, akaisingizia stuli ya cherehani. Mume akabadilisha stuli mara tatu. Jirani akaleta mafuta ya kuchua, shemeji akaleta godoro gumu. Kila mtu akawa daktari, na kwa daktari mwenyewe hakutaka kwenda. Miezi saba! Mpaka siku aliponyanyua jora la kitambaa, mfupa wa paja ukavunjika.

Daktari alisema saratani ya titi imehamia kwenye mifupa. Mdogo wake, mwenye masikio ya kusikia anachotaka, akasikia imehama. Akapigia simu ukoo mzima kwamba ugonjwa umeondoka. Mfupa ulipoungwa, akaahirisha miadi ya mionzi kwa wiki tatu ili dada apumzike. Waliporudi, daktari akashika kichwa, kisha akaeleza polepole: chembe za saratani zilitoka kwenye titi, zikasafiri na damu, zikajichimbia mifupani na kuila kimyakimya. Ni saratani ile ile ya titi.

“Haijahama,” alisema. “Imeongeza makazi.”

Mionzi ilituliza maumivu, na dawa zikampa muda. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024.

Wiki moja kabla, mdogo wake alimuuliza kama siku ile alimwelewa daktari. Akasema alimwelewa vizuri sana. Basi kwa nini alinyamaza, akaumia wiki tatu nzima?

“Ulikuwa unacheka, mdogo wangu. Tangu nikatwe titi sikuwa nimekuona ukicheka hivyo.”

Jamani, nani alimtuma? Wiki tatu za mifupa kuwaka moto, kwa ajili ya kicheko cha mtu asiyesikiliza!

Amemwacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo zake watatu, wa mwisho akiwa hajui sasa amkasirikie nani. Apumzike kwa amani, na asimfichie mtu maumivu tena.