Wendelin Anaweka Chini Kijiti

Benchi letu liko kituo cha basi, mbele ya duka la mikate la kijiji chetu, Hinterlehen. Jumapili baada ya misa tunakaa wanne. Mimi huleta kahawa kwenye themosi. Posta, aliyegawa barua miaka arobaini na kuzifungua nyingine, huleta umbea. Tarumbeta, aliyepuliza mpaka meno yakaisha, huleta ubishi. Mume wangu Korbinian haleti kitu. Anakaa pembeni na fimbo yake ya kuongozea bendi ya kijiji, ndefu kumpita, anasugua kwa kitambaa kirungu chake cha shaba. Jumapili hiyo nilivaa gauni langu zuri, na mkobani nina tiketi mbili za onyesho la muziki. Mwanangu Wendelin, anayeongoza okestra kubwa huko Vienna, leo saa tisa alasiri anaongoza kwa mara ya mwisho. Ana miaka hamsini tu. Kwa nini anaacha, hajasema. Basi la kwenda stesheni ni la saa tatu na nusu, na Jumapili liko hilo hilo moja.

— Bega hilo, akasema Posta. Miaka yote hiyo unapunga hewa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu na bega wapi na wapi?

— Vyote si mifupa?

— Acha fiksi, akasema Tarumbeta. Siku moja kijiti cha kuongozea kilimponyoka, wapigaji wakaendelea kupiga vilevile. Wakatazamana. Kumbe!

— Kumbe nini?

— Kumbe siku zote wanajipigia wenyewe! Kizuri chajiuza, bwana.

Nikawamiminia kahawa. Saa ya kanisa inasema saa tatu na robo.

— Mie nimesikia Wendelin ni kiziwi, Posta akashusha sauti. Mwaka wa pili huu. Anawasoma midomo wapiga filimbi.

— Mpiga filimbi mdomo si kaubana!

— Ndiyo maana anaacha!

— Nyie wazee, nikasema, miaka thelathini na moja mnamtafuna mwanangu kwenye benchi hili. Nani kati yenu alishakwenda kumsikiliza?

— Nauli ya treni, Mama Wendelin...

— Na mgongo wangu...

Na mimi je? Mimi pia sijakwenda. Wendelin alituacha ana miaka kumi na tisa, usiku wa kuamkia mashindano ya bendi za kupiga huku zikitembea. Bendi ikashika mkia. Korbinian akasema katugeuzia mgongo, na tangu siku hiyo baba na mwana hawajasemezana. Kila picha yake ikitoka gazetini, mgongo kwa watu, mzee ananionyesha: "Unaona? Sasa wanamlipa kwa kugeuza mgongo." Nikabaki katikati, kama mlango unaosukumwa huku na huku.

— Mnapoteza muda, akasema Tarumbeta. Anarudi hapa. Anaitaka fimbo ya baba yake!

Wote tukamtazama Korbinian. Kitambaa kikaongeza mbio.

— Tiketi ni mbili, nikamwambia.

— Nimesikia tangu Jumatatu.

— Basi?

— Fimbo haijang'aa.

— Mbona umenyoa ndevu?

— Zilikuwa zinawasha.

— Na hivyo viatu vya mazishi?

— Vinabana. Navilainisha.

Posta akafungua mdomo. Tarumbeta akamkanyaga mguu.

— Kahawa, Mama, Posta akasema haraka.

Nikaipindua themosi. Tone moja, basi.

Basi likakata kona. Dereva si yule wetu, ni binti mgeni, nywele fupi. Mlango ukafunguka. Nikapanda ngazi ya kwanza.

— Habari za asubuhi, bibi. Stesheni?

— Stesheni.

— Mmoja au wawili?

Nikageuka. Posta, anayejua barua za kijiji kizima, anaangalia kikombe kitupu. Tarumbeta, ambaye hajawahi kukosa jibu, anakuna shingo.

— Bibi? Mmoja au wawili?

Kwenye benchi, kitambaa kilikuwa kimesimama juu ya shaba.

Binti akamtazama mzee, akanitazama mimi. Akazima injini.