Ndege Mwenye Pengo

Ndugu wa familia zote za nyumba yetu ndefu ya Nanga Tebelu, mchungaji, na wageni mliokuja kwa boti, mimi ni Tambong, mdogo wake marehemu, nimeachiwa karatasi hii kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Ngumbang, mwana wa Sanggau, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika chumba cha saba cha nyumba hii, akiwa mtoto wa kwanza, na tangu siku hiyo hadi juzi hakuwahi kujichotea maji.

Mwaka 1957 alianza shule ya misheni, akakaa darasa moja miaka miwili, na tarehe 3 Agosti 1959 akaanguka kutoka mti wa durian usio wetu, akang'oka jino la mbele, akaacha shule akidai anachekwa. Hilo jino naomba mlikumbuke, tutalirudia.

Mwaka 1968 alijitangaza kuwa msoma ndege, yaani mfasiri wa ishara za milio yao, kazi aliyoipenda kwa kuwa inafanywa ukiwa umekaa. Nendak, kile kijidege cheusi chenye tumbo la rangi ya kutu, kinachookota wadudu ndani ya kichaka kizito na kusikika zaidi kuliko kuonekana, ndicho kilichokuwa tajiri wake; kikilia, sisi tunasimama na mapanga hewani, tunamngoja Ngumbang amalize kutafuna atuambie kama leo tutalima.

Kuhusu ndoa nitaanza na yangu, maana aliivunja kabla ya kufunga yake. Tarehe 6 Juni 1974, siku tano baada ya sikukuu ya mavuno, Unggat wa Nanga Beletik alikuja na watu wake kunioa, popoo ya kupasuliwa ili ndoa ifungwe iko sahanini, mama keshachinja nguruwe, na walipofika kwenye kichaka kilicho chini ya ngazi yetu nendak akalia kushoto, mara tatu, wakasimama. Ngumbang akatokea akihema, majani yamemjaa nywelani, akasema nendak ni ndege wa ubaridi, kwa mpunga ni mzuri, lakini ubaridi huo ukiingia chumba cha maharusi unazima jiko. “Rudini, shemeji, msituletee mikosi.” Wakarudi, nguruwe tukamla wenyewe, na marehemu alikula kuliko wote.

Yeye alimwoa Lulong mwaka 1978, siku hiyo ndege wote walinyamaza, na mwaka 1980 Lulong alikunja mkeka wake akaenda zake. Watoto hawakupata, na kwa upande wa watoto naona ni bahati. Mimi nilimpikia miaka arobaini na minne.

Novemba 2018 alianza kuugua mapafu, akalazwa hospitali ya mjini, na tarehe 2 Februari, akitaka kumfurahisha nesi, alipiga mluzi wa nendak. “Babu, umeficha ndege wodini?” nesi akacheka, nami niliyekuwa namenya chungwa nikasikia sauti ya mwisho ikivuja hewa penye pengo, vilevile ilivyovuja siku ya harusi yangu. Nikamwambia, “Kaka, kumbe kichakani ulikuwa wewe.” Akaangalia dari, akasema, “Sasa ningepikiwa na nani?” Kisha akauliza kama chungwa limeisha.

Nyumba nzima, milango ishirini na miwili, wazee wanaojua ndege saba wa ishara kwa sauti zao, tulilitii pengo. Nawadharau na nyinyi kidogo, na mimi nimo.

Alifariki tarehe 9 Februari 2019, saa tatu asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, kwa mazoea.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa yule nesi, majirani waliochonga jeneza, na wenzake wa kazini, yaani ndege, ambao hawakuhusika. Namshukuru pia Unggat, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita, amekaa pale mkeka wa mwisho karibu na ngazi, jana nilimweleza habari ya pengo, akaniuliza, “Bado unataka kuja?”

Desturi inataka nikae matanga hadi mwezi ujao, mimi nitakaa hadi jeneza lishuke, kisha naingia kwenye boti yake. Njia ya makaburini inapita kwenye kichaka kilekile, na nendak akilia, kushoto au kulia, naomba mtu asisimame.

Pumzika kwa amani, Ngumbang, na huko uendako ujipikie.