Pampu ya Wajukuu wa Kioo

Benchi letu liko mbele ya duka la Kioo, kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na nguzo ya umeme. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umebonyea katikati kwa sababu ya Jenereta, ambaye ana mwili na haoni haja ya kukaa pembeni. Sipendi kujisifu, lakini hapa nitajisifu: mji huu hauna benchi lenye vichwa kama hili. Ukija na tatizo moja unaondoka na majibu manne. Kanuni yetu ni moja tu, na hata Shangazi anayetumiminia kahawa anaijua: swali likishawekwa benchini halivuki barabara. Linajibiwa hapa hapa, na sisi wenyewe. Ukienda kuuliza kwingine, umetutukana.

Swali la Alhamisi ile lilikuwa la Kioo mwenyewe. Kioo ni mkata vioo, na mkono wake hauna mpinzani. Miezi yote hii amekuwa akijenga tangi la kioo sebuleni kwake, refu kama kitanda, la kufugia matumbawe. Si wazimu. Binti yake anafanya kazi kwenye kituo cha kukuzia matumbawe. Anayakata vipande vidogo na kuvilea majini mpaka vinakuwa vikubwa. Jumamosi alikuwa anakuja nyumbani na vipande vya kwanza alivyovikuza kwa mkono wake, viishi kwenye tangi la baba. Mchanga ulikuwa tayari, maji ya chumvi tayari, taa tayari. Kilichobaki ni pampu ya kuyazungusha maji, na hapo ndipo penyewe. Tumbawe halitembei kutafuta chakula. Maji yakisimama, linafia pale pale lilipobandikwa.

KIOO: Jamani, wajukuu wanafika keshokutwa na maji yangu yamelala kama ya ndoo. Nisaidieni.

JENERETA: Wajukuu! Binti hata posa hajaletewa.

KIOO: Kawalea yeye, ni wajukuu. Wako saba, na mmoja wa zambarau. Ngoja niwaonyeshe.

MIMI: Umeshatuonyesha asubuhi.

KIOO: Mwangalie tena.

Tukamwangalia tena. Kusema kweli ni kitu kizuri, kimejaa vidole vidogo kama kinataka kukushika. Kioo aliifuta simu kwa shati kabla ya kuirudisha mfukoni.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bomba. Huyu ni fundi bomba, na koki akikuta imekaa vizuri anaumwa.

BOMBA: Sikiliza, kaka. Maji ni presha. Hayo mengine ni hadithi. Nyumbani nina pampu ya shaba, ya zamani, nzito. Ile ilikuwa inapandisha maji ghorofa ya nne. Nakupa, uje tu na mtu wa kuibeba.

KIOO: Shaba hapana. Binti alisema siku ile ile nilipoanza kubandika kioo: shaba kwenye maji hayo ni sumu. Konokono atakufa, tumbawe litakufa.

BOMBA: Mtaa mzima unakunywa maji yaliyopita kwenye shaba yangu, na hakuna aliyekufa.

JENERETA: Nusu ya mtaa. Nusu nyingine bomba zako zinavuja, hayafiki.

Basi wakacheka. Jenereta anatengeneza jenereta, kama jina lake, na masikio yake yamekwenda na kazi. Hata akikunong'oneza, wa ng'ambo wanageuka.

JENERETA: Mimi nilishaleta jibu jana. Pampu ya saiti, ile ya kunyonya maji kwenye mashimo ya msingi. Ikinguruma unajua kuna kazi inafanyika. Pampu isiyonguruma haina tofauti na jiwe.

KIOO: Waambie basi kilichotokea.

JENERETA: Maji yalizunguka.

KIOO: Maji yalipiga dari! Mchanga wote ukahamia kona moja kama umefukuzwa. Na mke wangu alikuwa amekaa kwenye kochi.

JENERETA: Shemeji alilowa kidogo.

KIOO: Alibadilisha nguo zote akaenda kwa dada yake. Hajarudi.

JENERETA: Dari lenu fupi, bwana. Usiisingizie pampu.

Hapo Wahenga akakohoa. Wahenga ni karani mstaafu, na tumempa jina hilo kwa sababu anawasemea wahenga kila siku bila wao kumtuma. Akikohoa hivyo, ujue methali inakuja na haitakuwa na pa kukaa.

WAHENGA: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo pampu yoyote inayotembeza maji ni mbaya.

MIMI: Mzee, hiyo siyo maana yake.

WAHENGA: Wewe uliwahi kuishi nao?

KIOO: Subirini kwanza. Dukani wana kitu kingine. Vifeni viwili vya majini, vya plastiki, kila kimoja kama ngumi yangu. Kimoja kinakaa kulia, kimoja kushoto, vinapokezana kuyasukuma maji. Havirushi mkondo mwembamba mkali, vinasukuma taratibu na kwa upana, mara huku mara kule. Halafu kuna pampu ya tatu, ndogo, kazi yake ni kurudisha juu maji yaliyochujwa kwenye kitangi cha kuchujia kinachokaa chini.

BOMBA: Pampu tatu kwa tangi moja? Hao ni wezi. Pampu moja ya kiume inamaliza yote.

WAHENGA: Na mafahali wawili hawakai zizi moja. Hivyo vifeni vitapigana.

JENERETA: Vinatoa sauti gani?

KIOO: Havitoi.

JENERETA: Kabisa?

KIOO: Muuzaji aliwasha kimoja kwenye beseni, nikafikiri umeme umekatika.

JENERETA: Basi vibovu. Ameshakuona una haraka.

Niliona Kioo anasugua kidole gumba, alama yake kuwa jambo halijamtoka lote.

MIMI: Sema, kaka. Wewe vifeni umevipenda. Kinachokuzuia nini?

KIOO: Vinashikwa na sumaku. Nusu inakaa ndani ya maji, nusu nje, kioo katikati. Sasa mimi kioo kile nimekichagua kimoja kimoja. Nimekisugua kingo mpaka mtoto mchanga anaweza kuzishika. Ukisimama mbele yake hujui kama kuna kioo, unajigonga. Jirani kajigonga! Leo nibandike dude jeusi pembeni, mchanga uingie katikati, ukwaruze? Afadhali mnibandike mimi hiyo sumaku.

Tulimwelewa. Kila mmoja wetu ana kazi yake ya mkono, na mtu akiigusa unahisi kaigusa ngozi. Mimi mwenyewe nimewahi kumnyima mteja viatu kwa sababu alitaka nipige msumari mahali pa uzi.

KIOO: Na msifikiri nahangaikia kioo tu. Mtoto yule nilimfundisha kushika kioo kabla hajajua kusoma. Nilijua atakuwa mkata vioo. Akaenda zake, akajifunza kushika kitu kinachovunjika kuliko kioo, na kina uhai juu yake. Sasa anarudi na kazi yake aiweke ndani ya kazi yangu. Wakifa mikononi mwangu, nitamtazama vipi?

Shangazi akammiminia kikombe bila kuulizwa. Na sisi, badala ya kutulia, tukapandwa na moto. Mtoto wa benchi letu anakuja na matumbawe, nani atakubali yafe? Nilisikia fahari mpaka masikioni, na fahari ya namna hiyo haijui kunyamaza.

JENERETA: Nimepata! Tunachukua mota ya waipa za lori. Tunaifunga juu ya tangi, inashika mdomo wa bomba, inaupeleka kulia, kushoto, kulia, kushoto. Sumaku haipo, kioo chako salama.

BOMBA: Na kelele?

JENERETA: Kelele nzuri tu! Wajukuu watalala.

MIMI: Mimi nitakushonea ulimi wa ngozi, kama wa kiatu, tuuning'inize mbele ya bomba. Maji yakitoka kwa hasira yanaupiga ulimi kwanza, yanapoa, yanatawanyika.

KIOO: Ngozi ikioza ndani ya maji?

MIMI: Ngozi yangu haiozi.

WAHENGA: Nyinyi mnapigana na maji bure. Mwenda pole hajikwai. Maji yakigoma kuzunguka, lizungusheni tangi.

JENERETA: Tangi!

WAHENGA: Tangi lenyewe. Chini tunaweka bamba la duara lenye magurudumu, mnakaa zamu kulisukuma. Nani alisema lazima maji ndiyo yatembee?

BOMBA: Mzee, lile tangi likijaa ni uzito wa gari.

WAHENGA: Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana nimesema zamu.

BOMBA: Hapana, hapana. Nisikilizeni, mimi naliona jambo kubwa kuliko sebule ya mtu. Tunatoboa ukuta. Bomba linatoka kwa Kioo, linapita kwa kinyozi, linapita hapa chini ya benchi, linazunguka mtaa wote na kurudi. Maji ya chumvi yanatembea mtaa mzima! Hiyo ndiyo mizunguko. Kila nyumba ina tangi lake dogo, na kila mtoto wa mtaa huu anakua anajua tumbawe ni nini. Watu watatoka mbali kuja kutuona.

JENERETA: Na mimi naendesha mtambo.

BOMBA: Wewe ndiye mtambo.

Tulikuwa tumefika hapo, Bomba amesimama anachora njia ya bomba hewani, wakati mama mmoja alipovuka barabara akiwa amekumbatia picha yenye fremu. Hatukuwahi kumwona mtaani kwetu. Kioo cha picha yake kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona.

WAHENGA: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake unatununulia kahawa.

Mama akacheka, akasema shikamoo kwa Wahenga na habari zenu kwa sisi wengine, kisha akampa Kioo ile picha. Kioo alipima, akaingia ndani, akatoka na kipande kipya, akakilaza juu ya meza yake ya nje na kuanza kukikata. Hata hapo hatukunyamaza. Jenereta alimweleza mgeni shauri lote tangu mwanzo, kwa sauti iliyofika hadi kituo cha basi: binti, wajukuu saba, yule wa zambarau, shaba, dari, sumaku, waipa. Wahenga akaongeza tangi la kuzunguka. Bomba akamwonyesha bomba litapita wapi. Mama alisikiliza kwa adabu sana, akitikisa kichwa mahali panapostahili.

MAMA: Hongera, baba. Una binti hodari.

KIOO: Ahsante, mama. Ahsante sana.

MAMA: Na yeye huko kazini kwake anatumia pampu gani?

Almasi ya kukatia ikasimama katikati ya kioo. Sijawahi kuona Kioo akisimamisha almasi katikati. Ukisimama, mstari unaharibika.

KIOO: Sijui.

MAMA: Kwani yeye alisemaje ulipomuuliza?

Kioo alimtazama Bomba. Bomba akamtazama Jenereta, naye Jenereta akachungulia ndani ya kikombe chake, na huko hakukuwa na kitu. Nilitaka kumweleza mgeni juu ya kanuni yetu, kwamba swali la benchi halivuki barabara. Nikaijaribu kimoyomoyo kabla ya kuitamka, nikaona haitamkiki mbele ya mtu mwenye akili zake.

MAMA: Samahani, pengine nimeuliza vibaya.

KIOO: Hapana, mama. Umeuliza vizuri. Sisi ndio hatujamuuliza.

Akaweka almasi mezani. Akajifuta vidole kimoja kimoja, akatoa simu, akaibonyeza kwa uangalifu wa mtu anayegusa kioo chenye gundi mbichi. Ikaita muda mrefu. Shangazi aliinua birika kutaka kumimina, likatoa matone mawili na kukauka, na hakuna aliyelalamika.

KIOO: Haloo, mama. Hujambo? ... Hapana, hakuna msiba. ... Hapana, mama yako mzima, yuko kwa mama mkubwa, nitakueleza. ... Sikiliza. Baba yako ana swali.

Akaihamishia simu sikio la pili.

KIOO: Ndiyo, mimi. Swali. Hawa wadogo zako ... hawa wanao ... wanapenda maji yaendeje?

Sauti ya binti ilianza kutoka kwenye simu, nyembamba, ya haraka, na yenye furaha ambayo hata sisi tuliisikia ingawa maneno hatukuyapata. Kioo alikuwa ameegemea meza. Akasimama wima. Akashika kalamu ya kuchorea kioo, akaanza kuchora juu ya kile kipande cha mteja: duara hapa, duara pale, mishale inayokutana katikati na kutawanyika. Mama mwenye picha alisogea amwachie nafasi.

KIOO: Eeh. ... Eeh, mama. ... Kwa hiyo yakigongana katikati ndiyo wanapumua? ... Na sumaku? ... Kitambaa laini katikati, eeh. Na mchanga nisafishe kwanza. ... Rudia hapo.

Jenereta hakuweza kuvumilia. Aliinuka, benchi likapumua, akainamia simu kwa sauti yake ile.

JENERETA: Muulize kuhusu mota ya waipa!

Kioo akaziba simu kwa kiganja, akatugeukia sote. Macho yalikuwa yamemlowa na kidevu kiko juu kabisa.

KIOO: Nyamazeni. Fundi anaongea.

Tukanyamaza.