Chumvi ya Arafa

Asubuhi moja, enzi za Mdachi, mtumbwi wa kutuvusha kutoka kisiwa cha Chole kwenda Utende ulijaa, nami nikabanwa kati ya wanawake wawili wasiojuana. Arafa, mkulima wa Baleni, alikuwa akisimulia kisa chake.

"Nilizidisha chumvi kwenye kisamvu. Mume wangu akasusa, akaenda kula kwa dadake. Huku nyuma mnazi ukaangukia kitanda cha uani anachojilazia kila akishakula. Mungu alimwokoa kwa chumvi ile."

Tangu hapo, akasema, mumewe hajalalamikia chakula. Hilo nililiamini upesi.

Bi Zuleikha, mama wa makamo aliyekaa upande wangu wa pili, uso kaufunika kwa barakoa, aliuliza taratibu, "Na mwanangu niliyemzika mwezi uliopita, Mungu alikusudia nini?"

Arafa hakutetereka.

"Hilo sijaonyeshwa, mama. Lakini kusudi lipo."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona hapo ulipo."

"Mimi silioni."

Mtumbwi ukagota mchangani. Arafa akaruka kwanza, maji yakamfika magotini, akamnyooshea Bi Zuleikha mkono.

"Hujanijibu," alisema Bi Zuleikha.

"Sijakujibu. Shuka polepole, mama, hapa pana mawe."

Bi Zuleikha akaushika mkono ule, akashuka.