Sita wa Mkono wa Kushoto

RAMPARI: Haloo? Nani mwenzangu?

BINDESHWARI: Mimi, mama yake Avadhesh. Hamjambo huko?

RAMPARI: Aa, mkwe! Hatujambo. Mjukuu wangu mzima, michoro yake ya ukuta wa chumba cha maharusi karibu inaisha, kilichobaki ni bwana harusi tu. Mmeshamwogesha?

BINDESHWARI: Dada, leo sina utani. Huo ukuta ndio— [mkwaruzo] —picha mwanangu anayo kwenye simu, anaionyesha mtaa mzima kama kashinda uchaguzi!

RAMPARI: Anaringia kazi ya mkono wa mchumba wake. Ubaya uko wapi?

BINDESHWARI: Mjukuu wako Chandrakala kamchora Sita, mke wa mungu Ram, kama mchukuzi wa sokoni! Kichwa wazi, sari kaipandisha magotini, upinde kaunyanyua kama mwiko!

RAMPARI: Si ndivyo ilivyokuwa? Msichana mdogo, anasiriba sakafu ya baba yake kwa kinyesi cha ng'ombe. Upinde mzito wa mungu Shiva umemzuia. Akauinua, akasiriba chini yake, akaurudisha. Wafalme walikuja baadaye kuutolea jasho bure.

BINDESHWARI: Sisi tunamtaka Sita wa motoni. Macho chini, viganja kifuani, anapita motoni kumthibitishia mumewe Ram kuwa ni mke safi. Baba Avadhesh kasema ukuta ufutwe, achorwe huyo. La sivyo, msafara wa bwana harusi hautoki hapa.

RAMPARI: Kasema?

BINDESHWARI: Kasema. Na harusi iwe siku ileile aliyoolewa Sita. Siku ya baraka.

RAMPARI: [anacheka] Mkwe, izunguke nchi yetu yote ya Mithila, hutampata mama anayemwoza binti siku hiyo. Hata aliyerukwa na akili.

BINDESHWARI: Lakini ni siku takatifu—

RAMPARI: Kwenu ndiko alikoolewa, mnashangilia. Kwetu ndiko alikozaliwa, na mzazi hasahau. Mtoto wetu alilipwa nini? Moto. Kisha akatupwa msituni na mimba tumboni. Kwenu ni mfano wa mke mwema. Kwetu ni binti aliyeonewa.

BINDESHWARI: Usinipandishie sauti—

RAMPARI: Napandisha! Ukuta haufutwi. Weusi ule ni masizi ya taa yangu mwenyewe, na umeshakauka. Msipokuja, samaki wa karamu tutawala wenyewe, na mifupa tutawapa paka.

BINDESHWARI: Na binti akidodea hapo?

RAMPARI: Ngoja nimuulize. Chandrakala! Wanasema futa, au hakuna harusi. [sauti kwa mbali] Umemsikia?

BINDESHWARI: Kasemaje?

RAMPARI: Kasema nimpishe, namzibia mwanga.

BINDESHWARI: Jeuri hiyo kairithi kwako!

RAMPARI: Na kwa Sita. Mkwe... wewe uliolewa siku gani?

BINDESHWARI: Siku hiyohiyo ya Sita.

RAMPARI: Enhe?

BINDESHWARI: Simu inakwaruza.

RAMPARI: Mbona haikwaruzi.

BINDESHWARI: Dada... huo upinde kaushika kwa mkono gani? Picha ni ndogo.

RAMPARI: Wa kushoto.

BINDESHWARI: Wa kushoto peke yake?

RAMPARI: Wa kulia una kinyesi cha ng'ombe. Kazi haijaisha.

BINDESHWARI: [anacheka kidogo] Kazi haijaisha... Subiri, Baba Avadhesh huyo mlangoni. [kwa sauti kubwa] NASEMA UFUTWE! WOTE! UMENISIKIA?

RAMPARI: Mkwe, nimeshakwambia—

BINDESHWARI: [ananong'ona] Usifute. Hata ukucha wake mmoja.

RAMPARI: Ee?

BINDESHWARI: [ananong'ona] Avadhesh anasema atakuja hata kwa miguu. Nami nitafuatana naye, baba yake apende asipende. Nataka nimwone huyo msichana wa ukutani kwa macho yangu.

RAMPARI: Na tarehe je?

BINDESHWARI: Mpange ninyi. Yoyote, dada, isipokuwa ile— ngoja, salio langu lina—

RAMPARI: Haloo? Mkwe? Haloo! ...Imekatika. Chandrakala, umeyasikia hayo? Chandra? Hee, kumbe kashalala, na kijiti cha rangi mkononi. Haya, lala, mama. Lala. Ukuta naulinda mimi.