Kisigino cha Mash Nosrat

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya Farvardin, mwezi wa kwanza wa kalenda yetu ya Kiirani, Bwana Nosratollah Kuhbani anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha skii cha Sefidkamar kwa miaka thelathini na mitatu. Anaondoka mlima ukiwa bado na theluji ya kimo cha mtu, jua la kuvua makoti, na mteremko mtamu kuliko wote niliouona tangu nimzae mwanangu. Sisi wengine tunabaki getini kukagua tiketi. Sifichi basi: maneno haya ya kumuaga nimeyaandika kwa wivu.

Mash Nosrat, kama tunavyomwita tangu alipokwenda kuzuru mji mtakatifu wa Mashhad, alianza kazi ya kuwashikia wageni viti vya lifti. Msimu wa tatu wa baridi akafanywa mpima theluji. Baada ya Noruzi, mwaka mpya wetu wa machipuko, theluji yetu huamka ngumu kama kioo. Jua huilainisha taratibu, na kwa saa mbili hivi huwa kama sukari iliyolowa kidogo, skii zinateleza zenyewe. Ukichelewa, imeshakuwa uji. Kazi yake ilikuwa kupanda peke yake asubuhi, kubonyeza kisigino kwenye theluji, na kungoja. Kisigino kikizama upana wa kidole, anapunga kitambaa cha kijani, anashuka wa kwanza, ndipo sisi wa chini tunafungua geti.

Wa kwanza! Kila asubuhi njema, mlima mzima haujaguswa na mtu, na yeye peke yake juu yake. Kutoka getini tunaona kipande cha mwisho tu cha mteremko, chembamba kama kichochoro, lakini kilitosha kutuunguza roho. Bibi Esmat wa jikoni alikuwa akimtazama kupitia mvuke wa sufuria na kusema, "Mwoneni bwana harusi! Mimi nakoroga dengu, yeye anaoa mlima."

Kisigino hicho kilidharauliwa mara moja tu. Mhandisi Forutan, meneja wetu, alikuwa mgeni kazini, na miaka ile saa zilikuwa bado zinasogezwa mbele kila Noruzi. Akaisogeza ya ukutani, na ilipogonga saa tatu akafungua geti, kumbe kwa jua ilikuwa saa mbili. Mash Nosrat alikuwa juu, kitambaa kingali mfukoni. Wageni walishuka kwa makalio. Daktari mmoja wa meno kutoka Tehran hakusimama mpaka alipofika chini ya meza ya mikate ya Bibi Esmat. Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Mash Nosrat alishuka baadaye, akasema kwa upole, "Mheshimiwa Mhandisi, saa umeisogeza vizuri. Jua je, umelijulisha?"

Pamoja na hayo, mwaka huu ikajulikana kwamba akistaafu hatapatikana mrithi, na geti litarudi kufunguliwa kwa saa ya ukutani. Misimu miwili ya baridi mfululizo nilikuwa nimeomba kufundishwa kazi hiyo. Nimezaliwa kijiji hiki, nimejifunza skii kwa mbao za kaka yangu. Mara zote mbili jibu la ofisi lilikuwa moja: "Mama wa mtoto mchanga apande mlimani asubuhi yote hiyo? Mtoto atalelewa na nani?" Nikarudi getini na Hasti wangu mgongoni.

Alhamisi iliyopita Mash Nosrat alikuja getini akiwa amebeba skii zangu. "Mahrokh, mpe Bibi Esmat mtoto. Vaa buti."

Kule juu alinitia kitambaa mkononi, akanipa mgongo, akaketi. Akatoa ile chupa yake ndogo ya shira ya zabibu asiyoiacha nyumbani, akamimina kwenye bakuli la theluji, akaanza kula kama mtu aliye likizo. Nikabonyeza kisigino. Theluji bado ngumu. Chini mabasi kutoka Tehran yalikuwa yamejaa uwanja, na sauti ya Mhandisi ikaanza kulalamika kwenye redio ya upepo.

"Mash Nosrat, watu wanasubiri!"

"Muulize mwenye kitambaa," alisema, kijiko kikiwa mdomoni.

Nikikosea, wageni watashuka tena kwa makalio, na hakuna atakayeniuliza tena hali ya theluji maisha yangu yote.

"Bado dakika ishirini," nikasema.

"Ishirini nzima?"

"Ishirini, Mheshimiwa Mhandisi."

Mash Nosrat aliendelea kula theluji yake. Dakika ya ishirini kisigino changu kilizama upana wa kidole, nikapunga kitambaa. Halafu nikajipanga kujitupa katikati ya ule weupe niliouota miaka yote. Akanishika mkono wa koti.

"Pembeni, binti yangu. Mpimaji hupita pembeni. Katikati ni pa wageni."

Akatangulia, akiambaa na mawe, akiacha mstari mmoja mwembamba kama uzi kwenye pindo la nguo. Nilimfuata nikiwa sijui nicheke au nilie. Kumbe miaka thelathini na mitatu tulimwonea wivu mtu kwa kitu ambacho hakukionja hata siku moja!

Siku hiyo wageni walipanda na kushuka wakipiga vigelegele. Mhandisi mwenyewe aliteremka mara nne, akaja jikoni na theluji kwenye masharubu. "Mash Nosrat akistaafu, kitambaa ni cha Mahrokh," alisema. Kabla hajauliza habari ya mtoto, Bibi Esmat alikuwa ameshambeba Hasti: "Huyu ana kazi. Ananionjea dengu."

Mash Nosrat, asante kwa miguu yetu isiyovunjika, kwa utani wako, na kwa kuniamini. Mungu akuzidishie umri, akulindie magoti, na nyumba yako isikose shira. Jumamosi utakuja kama mgeni. Utasimama getini na wenzako, ukisubiri kitambaa changu, halafu utafanya unavyotaka mpaka theluji iishe, nasi tuko kazini. Ndiyo maana wivu wangu haujaisha, umehama tu.

Mimi nitapita pembeni. Katikati, kutoka juu hadi chini, nimekuachia wewe.